Namba Zilizoegemea Kushoto

Tarehe 4 Machi

Kosa la watu wengi wanapokagua jedwali la kompyuta ni kutafuta namba inayoshtua. Wanapitisha macho juu hadi chini, wakikuta mia tisa mahali palipostahili tisa wanafurahi, wanarekebisha, wanafunga kazi na kwenda kunywa chai. Namba inayoshtua haina hatari kubwa, maana imeshajitangaza yenyewe. Mimi huogopa jedwali lililotulia, lisilo na cha kushtua hata kimoja, wakati nje ya dirisha mambo hayajatulia.

Naandika haya kwa sababu leo nimerudi kazini, miaka sita baada ya kustaafu. Ofisi ya maji imenipa mkataba wa miezi mitatu nikague takwimu za mto msimu huu wa mvua. Mkuu wa kitengo ni mwanafunzi wangu wa zamani, wa tangu nilipofundisha shule kabla ya kuajiriwa hapa. Alinipokea mlangoni, akanibebea mkoba.

"Mwalimu, kiti chako tumekutunzia."

Kiti hicho cha magurudumu si changu. Changu kilikuwa na miguu minne.

Nieleze kazi yenyewe, kwa faida ya atakayesoma daftari hili. Mto una vituo vitatu: cha Juu, kule milimani, cha Darajani, na cha Bondeni. Kila kituo kina ubao wenye alama za mita uliosimikwa ndani ya maji, na msomaji anayeusoma asubuhi, adhuhuri na jioni. Akishasoma anampigia simu karani wetu, naye anaiandika namba kwenye jedwali. Juu ya jedwali kuna kisanduku kimoja kikubwa. Wastani wa siku tatu wa Kituo cha Juu ukiwa chini ya mita tatu, kisanduku ni cha kijani. Ukivuka, kinakuwa chekundu, na king'ora cha bondeni kinapigwa. Maji ya milimani huchukua saa tano hivi kufika bondeni, na bondeni kuna kaya mia nne na shule moja ya msingi.

Msomaji wa Kituo cha Juu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nimemwambia Mkuu leo hii hii, isije ikasemwa baadaye kwamba nilificha.

"Hilo halina shida, Mwalimu," alisema, lakini hakuniangalia usoni.

Tarehe 6 Machi

Manyunyu. Karani wetu ni binti wa miaka kama thelathini, na anaimba chini kwa chini anapoandika. Nimemwambia namba hazitaki nyimbo. Akasema, "Sawa, Mama," akaendelea.

Tarehe 7 Machi

Mkuu anapenda jedwali lipendeze. Mistari ni ya buluu na myeupe kwa kupokezana, na kila namba imewekwa katikati ya kisanduku chake, kama maandishi ya kadi ya harusi. Nilimuuliza kwa nini namba zimekaa katikati. Akasema wageni kutoka makao makuu walisifu.

Tarehe 10 Machi

Mvua mchana kutwa. Magoti yanauma.

Tarehe 13 Machi

Leo nimekasirika, na kwa kuwa hasira ya mzee hudhaniwa kuwa uchovu, naiandika hapa ibaki na jina lake.

Mkuu ameniita ofisini, amefunga mlango, amegeuza skrini nione. Tangu mwanzo wa Februari hadi jana ni siku arobaini. Vipimo vitatu kila siku, jumla mia moja na ishirini. Jedwali linasema Kituo cha Juu hakikuripoti mara thelathini na tisa.

"Theluthi nzima, Mwalimu. Mtu analipwa kukaa kando ya mto na hata kuuangalia hataki. Nimeitisha kikao cha nidhamu, tarehe tano Aprili. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mfumo umeonyesha."

"Daftari lake umeliona?"

"Mwalimu, siku hizi hatuendi kwenye madaftari. Ndiyo maana ya mfumo."

Nilimfundisha mtu huyu kugawanya kwa njia ndefu. Nilitoka kabla ulimi haujanishinda.

Jioni nilimpigia shemeji. Yeye tangu nilipoolewa hakuwahi kunijibu swali moja kwa moja.

"Shemeji, habari za mjini? Bado unahesabu punje za chumvi?"

"Acha utani leo. Wanasema hukuripoti mara thelathini na tisa."

Nilisikia mto nyuma yake, unavuma kama gari lililopata mlima.

"Thelathini na tisa," akasema. "Hiyo ni homa, shemeji. Mpelekeni huyo mfumo hospitali."

"Wameitisha kikao. Unaweza kufukuzwa."

Hapo utani ukamwisha. "Miaka ishirini na sita nimeusoma ubao ule. Nimeusoma siku ya kumzika kaka. Wewe unajua, ulinilaumu kwa kuchelewa makaburini."

Ni kweli. Nilimlaumu.

"Daftari unalo?"

"Ninalo. Lina tope, ukurasa mtupu halina. Kama wanalitaka waje."

"Amekuja mtu?"

"Huku? Huku hata barua hufika imeshachoka."

Tarehe 14 Machi

Nimeomba gari la kwenda milimani. Mkuu anasema barabara imekatika na mafuta hayakupangwa. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa, "Na wewe ni ndugu yake, Mwalimu. Watu wataliona vibaya."

Tarehe 16 Machi

Mvua. Kisanduku kijani.

Tarehe 17 Machi

Mvua. Kisanduku kijani.

Tarehe 18 Machi

Mvua. Paa la stoo limeanza kuvuja. Kisanduku kijani. Nimeanza kukichukia kile kijani kama mtu anavyomchukia jirani anayetabasamu kila siku.

Tarehe 20 Machi

Nimepata kitu cha kwanza, na nitakieleza taratibu, maana leo nilikieleza haraka na hakikueleweka.

Katika siku kumi zilizopita, wastani wa Kituo cha Darajani umepanda kutoka mita moja na nusu hadi mbili na robo. Wa Bondeni umepanda pia. Wa Kituo cha Juu umeshuka. Sasa, maji ya darajani hayatoki hewani, yanatoka juu. Mto unaopungua kichwani na kujaa kiunoni labda umekunywa maji mahali njiani. Jedwali likisema jambo ambalo mto hauwezi kulifanya, mwenye kosa si mto.

Nilimwonyesha Mkuu. Aliangalia mchoro wake, laini tatu zenye rangi tatu, laini ya juu imelala kama mtoto aliyeshiba.

"Vijito vya katikati vitakuwa vimejaa," akasema.

"Vijito vya katikati ni viwili, na kimoja mtu anakiruka."

"Mwalimu, tungoje data zaidi."

Mvua inanyesha mchana kutwa, halafu mtu mzima anangoja data zaidi.

Tarehe 21 Machi

Nimetenda jambo ambalo silifurahii.

Niliamua kwamba kosa ni la karani. Nilijiambia: anaimba, anaongea na simu begani, lazima anaruka vipimo, kisha mzigo unamwangukia mzee wa watu kule milimani. Nikaenda mezani kwake nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya dereva na mhudumu wa chai.

Hakulia. Aliweka kalamu chini. "Mama, mimi ninaandika ninachoambiwa na yule mzee. Chote, kama alivyokitamka. Siongezi, sipunguzi. Karani aliyekuwepo kabla sijaanza hapa Februari alikuwa anapunguza, mzee mwenyewe aliniambia. Aliniomba, 'Binti yangu, wewe usiwe unakula maneno yangu.' Nikamwahidi."

"Basi thelathini na tisa zimekwenda wapi?"

"Sijui. Mimi zangu zote nimeandika. Hakuna kisanduku kitupu, angalia."

Niliangalia. Kweli, hakuna kilichokuwa kitupu. Ilinipasa kusimama hapo hapo na kujiuliza jedwali linawezaje kusema "hakuripoti" juu ya kisanduku kilichojaa. Lakini nilikuwa nimekuja kugomba, na mtu aliyekuja kugomba huwa hajaja na miwani. Nilirudi kitini kwangu.

Dereva alisema nyuma yangu, si kwa kunong'ona sana, "Bibi leo kaamka na upande wa ukuta."

Tarehe 23 Machi

Mvua. Karani ananisalimu kama kawaida. Haimbi.

Tarehe 25 Machi

Nimesikia kwa mhudumu wa chai kwamba Mkuu ameshaanza kutafuta msomaji mpya wa Kituo cha Juu. Kikao bado siku kumi na moja. Kumbe watu wanaitwa kujitetea baada ya viti vyao kugawiwa.

Tarehe 26 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Saa mbili na nusu asubuhi niliingia, mvua ikipiga mabati hata simu haisikiki. Mkuu alikuwa ameondoka jana kwenda makao makuu kwenye mkutano. Kisanduku: kijani. Wastani wa siku tatu: mita mbili na sehemu moja. Vipimo ambavyo Kituo cha Juu "hakikuripoti" tangu Februari vilikuwa vimefika sitini na viwili.

Sikuwa na wazo lolote la maana. Nilikuwa nimeudhiwa tu na ule urembo. Nikaichagua safu nzima ya Kituo cha Juu nikaiondolea mapambo yote: rangi, mistari, na ule mtindo wa kuweka namba katikati. Nilitaka kuliona jedwali likiwa limenawa uso.

Namba zikahama. Nyingi zilikimbilia upande wa kulia wa visanduku vyao. Nyingine zilikwenda kushoto zikabaki huko, zimeegemea ukuta.

Asiyejua kompyuta anahitaji kuambiwa jambo hili: mashine huziweka namba kulia na maneno kushoto, usipoiingilia. Kwa hiyo kila kilichokwenda kushoto, machoni pangu kilikuwa namba, lakini kwa mashine kilikuwa neno, sawa na "mbuzi" au "Jumanne". Na neno haliingii kwenye wastani. Mkuu alipozipeleka zote katikati ili wageni wasifu, alikuwa amefuta dalili pekee iliyokuwa ikionekana kwa macho.

Nilizihesabu za kushoto kwa kidole. Sitini na mbili.

Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Baada ya kila namba ya kushoto, mwishoni kabisa, palikuwa na nukta. Si ile ya katikati, ya mita na sehemu zake. Nyingine, ya mwisho, kama sentensi imekwisha. 3.4 na nukta. 3.8 na nukta. Nimeziangalia nukta hizo majuma matatu nikidhani ni vumbi la skrini.

Nikamwita karani. "Hii nukta ni ya nini?"

"Ni ya mzee. Anasema, 'tatu nukta nne, weka na nukta.' Naweka."

Nilimpigia shemeji papo hapo.

"Nisomee daftari lako, jana jioni."

"Tatu nukta nane, na nukta."

"Nukta ya nini?"

"Ya kupanda." Alishangaa kweli. "Ukisoma ubao na maji bado yanapanda, unaweka nukta. Yakiwa yametulia au yanashuka, huweki kitu. Namba peke yake haikuambii mto unaelekea wapi. Sisi wa Kituo cha Juu tumefanya hivyo siku zote. Kaka ndiye aliyenifundisha. Shemeji, miaka thelathini umelala na msomaji wa mto, hukujua nukta?"

Sikujua. Daftari la mume wangu lilikuwa linakaa juu ya kabati letu.

"Na leo asubuhi?"

"Nne nukta mbili. Na nukta. Na hiyo nukta, shemeji, kama ningeweza ningeichora kubwa kama chungu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mto ulipotulia, jedwali lilihesabu. Kila ulipopanda, jedwali lilisema mzee hakuwepo. Vile vipimo vilivyowekwa ili kutuonya ndivyo vilivyotupwa, na mtu aliyevileta akaandikwa mtoro kwa kila kimoja.

Nilizifuta nukta za siku tatu za mwisho. Zilikuwa sita. Wastani ukaruka kutoka mbili na sehemu moja hadi tatu na sehemu tatu, na kisanduku kikawa chekundu. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

King'ora kinahitaji saini ya Mkuu. Simu ya Mkuu haikupokelewa. Tulipiga mara saba. Nikamwambia karani awaambie wa king'ora kwamba mimi nimesaini.

"Wewe ni wa mkataba, Mama. Watakuuliza cheo mpaka maji yafike."

Akachukua simu mwenyewe. Nilimsikia akisema, bila kupandisha sauti, "Pigeni. Ndiyo, sasa. Amesaini nani? Nimesaini mimi. Jina langu mnalo, andikeni." Kisha akaipigia shule, akamwambia mwalimu mkuu awapandishe watoto kwenye kanisa la kilimani na asingoje wazazi.

Maji yaliingia bondeni saa tisa kasoro. Nyumba arobaini na tatu yalifika madirishani. Madarasa mawili ya shule yaliangusha ukuta. Hayakuwa na mtu.

Nilipoandika hilo nililifunga daftari. Sasa nimelifungua tena, kwa sababu kuna jambo sijaliandika.

Alasiri, tukingoja habari za bondeni, nilifungua fomula inayohesabu "hakuripoti". Nilitaka kumjua mjinga aliyeamua kwamba kisanduku kisichokuwa na namba maana yake ni utoro. Nyuma ya kisanduku kulikuwa na maelezo mafupi, yamefichwa: "Karani huandika 'hayupo' au 'daraja limefungwa'. Maneno yote yahesabiwe kuwa hakuripoti. Wastani usiharibiwe." Nilizijua sentensi zile. Ni mimi, miaka kumi na moja iliyopita, nikijisifu kwa usafi wa kazi yangu. Jedwali limenakiliwa mwaka hadi mwaka, limepakwa rangi, na ndani yake mimi nilikuwa nimekaa kimya namfukuzisha kazi shemeji yangu.

Tarehe 27 Machi

Jua. Tope kila mahali.

Tarehe 29 Machi

Mkuu amerudi. Amepongezwa na makao makuu kwa tahadhari iliyotolewa mapema.

Karani amepewa barua ya onyo kwa kupiga king'ora bila mamlaka. Niliisoma mara mbili, nikidhani macho yangu yamechoka. Mtu mmoja amepongezwa na mwingine ameonywa, kwa kitendo kimoja, na aliyepongezwa ni yule ambaye hakupokea simu.

"Ni utaratibu tu, Mwalimu," alisema.

"Na kikao cha tarehe tano?"

"Kimeshaitishwa. Kukifuta kunataka barua ya juu. Aje tu ajieleze, hakuna tabu."

Hakuna tabu kwa aliyekaa kitini. Mwenzake atatembea saa tatu kwenye tope kuja kueleza kwa nini alifanya kazi yake.

Katika ripoti ameandika "hitilafu ya mfumo". Nimemuuliza mfumo una mikono mingapi.

Tarehe 2 Aprili

Nimemwambia Mkuu. Sikutaka kuingia kwenye kikao nikiwa na siri. Nilimwonyesha maelezo yaliyofichwa nikamwambia ni yangu.

Uso wake ulifunguka kama dirisha. "Basi kumbe kosa ni lako, Mwalimu."

"La kwangu lipo, na nitaliandika kwa jina langu. Niliiamuru mashine ipuuze jambo bila kumwambia mtu kwamba imepuuza. Lakini lina miaka kumi na moja. Kosa la kumshitaki mtu bila kufungua daftari lake ni la mwezi huu, na ni lako."

Akasema nimebadilika. Nikamwambia magoti tu.

Nimekwenda pia kwa karani. Nimemwomba radhi mbele ya dereva na mhudumu wa chai, kwa kuwa ni mbele yao nilipomgombeza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mama, mimi nilijua utarudi," akasema, "ila nilidhani utarudi haraka zaidi." Nilistahili.

Tarehe 5 Aprili

Kikao. Watu watatu mezani, Mkuu pembeni. Mimi kama ndugu sikuruhusiwa, nikawekwa kwenye benchi la ukumbini, lakini mlango wao haufungiki vizuri tangu mvua ziuvimbishe.

Shemeji alikuja na daftari ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Alikuwa amevaa koti la kaka yake.

Mwenyekiti alianza kusoma mashitaka. Shemeji akamkatiza kwa adabu: "Mheshimiwa, kabla hamjachoka, naomba binti huyu asome jedwali lenu na mimi nisome langu." Karani akaitwa. Akasoma: tarehe moja Februari, asubuhi. Shemeji akajibu kutoka kwenye daftari. Adhuhuri. Akajibu. Jioni. Wakaendelea hivyo, yeye anataja siku, mzee anataja maji, na kila penye "hakuripoti" mzee alisema namba na kuongeza "na nukta," taratibu, kama mtu anayeweka jiwe juu ya jiwe. Walipofika mwisho wa Februari mwenyekiti alisema inatosha. Shemeji akasema, "Zimebaki siku kumi na mbili, mheshimiwa. Nimeandikiwa mia na ishirini, nataka zisomwe mia na ishirini."

Zilisomwa zote. Hakuna hata moja iliyokosekana.

Mwenyekiti akatamka kwamba shauri limefutwa. Hakuna aliyesema samahani. Niliingoja pale benchini. Nilisikia viti vikisogezwa, karatasi zikikusanywa, na Mkuu akisema, "Mzee, karibu soda kabla hujaondoka."

"Ahsante, soda nitakunywa nyumbani," shemeji alijibu. "Ila naomba mniandikie jambo moja. Leo adhuhuri Kituo cha Juu hakikuripoti. Msomaji alikuwa kwenye kikao."

Hiyo ndiyo ya kwanza msimu huu.

Tarehe 8 Aprili

Mvua ndogo. Mto unashuka, kwa mujibu wa pande zote mbili, daftari na jedwali.

Tarehe 11 Aprili

Ripoti ya msimu inataka saini yangu. Nimemwambia Mkuu nitasaini siku barua ya karani itakapotoka kwenye jalada. Akanieleza utaratibu. Nikamwambia ninao muda. Mimi ni mstaafu, sina ninapokimbilia. Nilikaa ofisini kwake nikafungua gazeti. Saa nane alimtuma mhudumu wa chai aniulize kama nitakunywa kitu. Saa tisa na nusu alifungua kabati, akaitoa barua, akanipa mimi. Nikaipeleka kwa mwenyewe. Aliikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza yake, ambao ulikuwa unayumba.

Nikasaini.

Tarehe 15 Aprili

Jedwali jipya limekamilika. Nukta ina safu yake. Mashine ikikuta neno mahali pa namba, haipuuzi tena, inapiga kelele mpaka mtu aje. Namba zinakaa kulia, mgeni asifu asisifu.

Lakini nimekaa tangu asubuhi na jambo moja linaloniudhi kuliko barua, kuliko kikao, kuliko kijani. Tarehe kumi na tatu Machi nilimpigia shemeji. Nilimuuliza kama daftari analo. Akasema analo. Lilikuwa magotini kwake. Nilihangaikia gari, mafuta, barabara, nikamgombeza binti wa watu, na kwa siku kumi na tatu sikufikiria kumwambia, "Nisomee mstari mmoja." Simu ile ingechukua dakika mbili. Kila mtu katika ofisi hii alikuwa na namba yake. Nilimkasirikia Mkuu kwa kuamini skrini, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya skrini hiyo hiyo, natafuta dalili, wakati aliyeyaona maji kwa macho yake alikuwa akingoja kuulizwa.

Karani ameniomba nimwandikie kitu cha kubandika ukutani, kwa ajili ya atakayekuja baada yake. Nilianza kuorodhesha dalili zote, nikafika ya tisa, nikaichana karatasi. Nimemwandikia hivi tu:

Leo, kabla hujafunga kazi, mpigie simu mtu mmoja aliyepima namba iliyo mbele yako, umwambie akusomee daftari lake.